Chatu Aliyeachwa Nje ya Hesabu

Mwalimu Kija Machibya wa Kisesa alifeli shahada ya uzamili mara mbili. Mara zote mbili aliangushwa na swali ambalo mama yake alikuwa akimuuliza bure nyumbani, huku akichambua mchicha, bila joho wala kalamu nyekundu.

Swali lenyewe ni hili. Mwaka themanini na nane, Kija akiwa na miaka minane, mdogo wake Elias wa miaka sita alivimba taya. Uvimbe ulianza kama punje ya karanga, baada ya wiki tatu ukawa ngumi, na kabla pamba haijavunwa Elias alikuwa amezikwa. Madaktari walisema ni saratani inayoletwa na kirusi. Wakasema pia, kwa ile sauti yao ya kutangaza ratiba ya kliniki, kwamba kirusi chenyewe ni cha kawaida, karibu kila mtoto anacho, hata huyu msichana aliyesimama hapa anacho.

"Sasa," akasema Bernadeta, mama yao, "kama wote wawili wanacho, na wamelala blanketi moja, na wameumwa na mbu wale wale, kwa nini huyu na si yule?"

Daktari akaangalia saa.

Swali likikosa mwenyewe, ukoo hulichukua. Dorotea, dada wa baba yake Kija, alipata jibu kabla matanga hayajaisha: Bernadeta amemtoa mtoto kafara ili ngoma ya mumewe ishinde. Ushahidi? Macho mekundu. Macho ya Bernadeta yalikuwa mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe alichopikia, na kwa kulia, lakini kwetu macho mekundu ya mwanamke hayahitaji wakili, yanajihukumu yenyewe. Hakuna aliyemgusa, maana mumewe aliogopwa. Ila tangu siku ile Dorotea hakumpa wifi yake kiti. Bernadeta akienda kusalimia, husalimia amesimama, huitikiwa, na hurudi kwake amesimama vilevile. Miaka thelathini na sita. Kuna miti iliyopumzika zaidi.

Huyo mume aliyeogopwa, mzee Machibya, alikuwa kiongozi wa ngoma wa upande wa Bagika. Kwa aliyelelewa mbali: mavuno yakishaingia ndani, Wasukuma hugawanyika Bagika na Bagalu, pande mbili zinazochukiana kwa furaha. Hucheza uwanja mmoja, saa moja, kila upande kwenye kona yake. Refa hakuna. Watazamaji ndio refa, na upande uliojaza watu ndio ulioshinda. Kwa hiyo kila kiongozi ana mbinu za kuvuta watu: nyimbo za kumtukana mwenzake, vibuyu vya dawa ya mvuto, fisi aliyefungwa kamba na kuchezeshwa.

Machibya alikuwa na mbinu ya ziada, binti anayejua kuhesabu. Tangu akiwa na miaka tisa Kija alipandishwa juu ya jiwe kando ya uwanja na vibuyu viwili, kimoja kina mbegu za pamba, kingine kitupu. Kila watu kumi wakienda upande wa Bagika, anahamisha mbegu moja. Wimbo ukibadilika, anaandika kwenye daftari la shule. Baba alitaka kujua watu huhama saa ngapi, ili ajue saa ya kumtoa fisi.

Alichokiona Kija juu ya lile jiwe, miaka kumi na moja mfululizo, hakikumtoka kichwani. Watu hawahami kidogo kidogo. Uwanja una watu mia sita. Hamsini wanakwenda Bagika, waliobaki wanatafuna miwa. Mia moja, miwa. Mia na hamsini, bado miwa. Wakifika kama mia mbili, mtu anatazama kushoto, jirani hayupo. Anatazama kulia, jirani hayupo. Anatupa muwa na kukimbia. Dakika tatu baadaye uwanja mzima umehama, na Bagalu wanacheza mbele ya mbuzi wawili na mlevi mmoja.

Kija alikua, akawa mwalimu wa fizikia katika shule ya kata. Siku moja anafundisha sumaku kidato cha tatu, kashika msumari juu. "Ndani ya msumari huu kuna visumaku vidogo visivyohesabika. Kila kimoja kinamwangalia jirani yake. Vikikubaliana vya kutosha, vilivyobaki vyote vinageuka mara moja..." Chaki imebaki hewani. Darasa likasubiri.

"Mwalimu," akauliza mwanafunzi wa mbele, "malaria imepanda?"

Haikuwa malaria, bado. Alikuwa amejiona tena juu ya jiwe. Wanafizikia wana hesabu kamili ya msumari ule, imeandikwa zamani na inafundishwa kwa wanaotaka na wasiotaka. Kija akaona hesabu hiyo hiyo inaueleza uwanja wa ngoma. Usiku ule ule, mama yake akimpitishia ugali na swali la kila siku, akaona uwanja wa tatu: seli. Ndani ya seli moja ya damu kuna jeni kwa maelfu, nyingine zimewaka, nyingine zimezima, na kila moja inawasikiliza wenzake. Kona moja ya uwanja ni uzima. Kona ya pili ni saratani. Kirusi ni kikundi cha ngoma kilichoingia bila kualikwa na kuvuta watazamaji wachache upande wake. Swali ni lini uwanja unahama.

Akalipeleka wazo chuoni mjini. Chuo kikalipokea kama kinavyopokea kila wazo jipya, kwa kuuliza fomu namba saba iko wapi.

Mara ya kwanza alipotetea kazi yake, Daktari Jitesh alisikiliza hadi mwisho kwa adabu. Jitesh ndiye msomaji wa vipande vya vinyama katika maabara ya hospitali; babu yake aliuza vipande vya vitambaa mjini, yeye anasoma vipande vya watu. Akasema, "Mwalimu, hesabu yako ni nzuri. Tukiifanya seli uwanja wa watu mia sita, kirusi kinavuta thelathini. Uwanja unahama wakifika mia mbili. Thelathini hawatafika mia mbili hata dunia iishe. Kwa hiyo kwa hesabu yako hakuna mtoto anayeugua. Jumanne nimesoma taya za wawili."

Akafeli.

Kwamba malaria inahusika, madaktari wanajua siku nyingi. Uvimbe huu hupenda watoto wa kanda za mbu. Wanachobishania ni inahusikaje. Kija akarudi nyumbani, akaiingiza malaria kwenye hesabu kama vurugu, kitu cha kutikisa uwanja ili watu wakimbie ovyo. Akarudi chuoni. Jitesh akapiga hesabu, akakuna sikio. "Sasa wameugua wote. Mwalimu, mara ya kwanza umewaponya wote, mara ya pili umewamaliza wote. Sisi tunaomba wachache tu."

Akafeli tena. Na kanuni za chuo, ambazo husahau mengi lakini hili hazilisahau, zinasema ukianguka mara tatu unakwenda zako na huruhusiwi kurudi.

Mara ya tatu, mwaka jana, alikwenda na nusu ya jibu na mama mzima. Bernadeta alikataa kubaki Kisesa. "Swali ni langu," alisema, akifunga matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwenye kikopo. "Likijibiwa niwepo. Likizikwa niwepo vilevile. Mazishi nimezoea."

Ukumbi ulikuwa ghorofa ya pili, madirisha wazi kwa joto, upepo ukileta harufu ya dagaa kutoka Igogo, kando ya ziwa, ili wasomi wasijisahau sana. Mwenyekiti wa jopo alikuwa Profesa Chenge, mtu mwembamba mwenye tai nene, ambaye mara mbili zilizopita alikuwa safarini kwenye makongamano, akizungumzia umuhimu wa kuwepo. Kiingereza kilitumika, kwa sababu kanuni inataka, na kwa sababu Kiingereza humwezesha mtu kutoeleweka kwa heshima. Bernadeta alikaa nyuma na kutafuna viazi vyake.

Kija akaandika hesabu ubaoni, neno kwa neno, kutoka kushoto kwenda kulia. Mvuto wa jirani kwa jirani. Vurugu. Mwishoni kabisa, herufi moja iliyosimamia msukumo wa nje, yaani kitu kisichokuwa mtazamaji kinachoelekeza nyuso za watu upande mmoja. Herufi hiyo alikuwa ameiandikia sifuri, na chini yake maelezo mafupi: mashindano yalikuwa ya haki.

Profesa Chenge alikuwa amefungua kurasa za mwisho, kwenye majedwali ya hesabu za watazamaji. Kidole chake kilishuka taratibu, mwaka baada ya mwaka, kikasimama, kikapanda, kikashuka tena. Akavua miwani.

"Mwaka tisini na mbili uko wapi?"

Aliuliza kwa Kiswahili. Katibu wa jopo akainua kichwa.

"Hesabu za mwaka ule hazikuwa kamili, Profesa," Kija akasema.

"Hazikuwa kamili!" Chenge akasimama. Kiingereza kikafia pale pale, hakikuombewa. "Binti Machibya, mimi nilikuwepo! Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nikipiga ngoma ya Bagalu mpaka mkono huu ukatoka msuli, tazama, upo hadi leo! Mlikuwa na watu arobaini. Arobaini! Uwanja wote ulikuwa wetu. Halafu baba yako akatoa chatu!"

"Chatu?" Jitesh akaacha kalamu.

"Chatu, daktari! Amemwazima kwa wacheza nyoka. Kamlaza kwenye kona yao. Na nyoka mwenyewe alikuwa ameshiba mbuzi, hakucheza, hakujinyoosha, hakutoa hata ulimi! Amelala kama tairi. Watu mia sita wametuacha wakaenda kutazama tairi!"

"Alikuwa ameshiba kuku," ilisema sauti kutoka nyuma. "Mbuzi tungempata wapi?"

Jopo zima likageuka. Bernadeta alikuwa amesimama na kikopo chake.

Chenge akajikuta anainama kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, endelea kulalamika."

"Silalamiki, mama, naongoza jopo."

"Basi ongoza kwa sauti ya kawaida."

Ukumbi ukacheka, isipokuwa Kija. Nyumbani kwao mwaka tisini na mbili haukutajwa. Baba yake alishinda siku ile, na Bagalu wakaimba mwaka mzima kwamba aliyeshinda ni nyoka. Machibya akaona aibu kubwa kuliko kama angeshindwa. Alimwambia Kija achane ukurasa ule, na Kija akachana. Miaka thelathini baadaye, na shahada yake ya kwanza na vitabu vyake vyote, bado alikuwa anauchana. Heshima ya marehemu baba ilikuwa imekaa ndani ya hesabu, imevaa sifuri.

Akageuka ubaoni. Akasoma maneno yake mwenyewe: mashindano yalikuwa ya haki.

"Profesa," akasema, mgongo kwa jopo, "una hakika walikuwa arobaini?"

"Niliwahesabu kwa uchungu! Mtu hasahau."

Kija akafuta sifuri kwa kiganja.

Akaandika chatu badala yake. Si neno, namba, ukubwa ule wa msukumo unaoweza kuhamisha uwanja kwa watu arobaini badala ya mia mbili. Alipokosea hatua ya tatu, Chenge alisema "Hapana, hapana," akatoka nyuma ya meza akanyakua chaki nyingine, na kwa dakika kumi watoto wa Bagika na Bagalu waliandika ubao mmoja wakisukumana kwa mabega, jambo ambalo wazee wao wasingelivumilia.

"Malaria si vurugu," Kija alisema, chaki ikivunjika. "Hapo ndipo nilipopotea. Malaria ni chatu. Haichezi. Haina upande. Imelala tu pale msimu baada ya msimu, inazilazimisha seli hizi zizaliane, na kwa kulala kwake nyuso zote zinaelekea upande mmoja. Bila chatu, uwanja unahama kwa mia mbili, na kirusi kina thelathini wake. Hawafiki. Ndiyo maana sisi wengine wote tunaishi nacho mpaka tunazeeka. Chatu akiwepo, uwanja unahama kwa arobaini."

"Na kirusi kina thelathini," Jitesh akasema polepole.

"Kina thelathini. Wamebaki kumi. Hapo sasa vurugu ndogo ya kawaida inatosha. Watu kumi wajikwae kwa wakati mmoja, upande mmoja. Hutokea mara chache sana. Lakini hutokea."

Jitesh alikuwa tayari kwenye simu yake, akipiga hesabu kwa vidole gumba viwili. Mara chache ni ngapi? Watoto wangapi kwa mwaka, katika mkoa wa watu kiasi gani? Akafungua jedwali la hospitali. Akatazama ubao. Akatazama simu.

"Inakaribia," akasema. "Jamani, inakaribia sana." Halafu udaktari ukamrudia. "Ubao si seli, mwalimu. Hili lazima lipimwe."

"Lipime! Chatu akitolewa, kwa vyandarua na dawa, idadi ya kuhamisha uwanja inarudi mia mbili kwa mkupuo. Uvimbe hautapungua kidogo kidogo. Utaanguka. Tazama kwenye madaftari yako, kijiji kwa kijiji."

"Nitatazama," Jitesh akasema, na alikuwa ameshaanza kuandika orodha ya vijiji.

Bernadeta alikuwa amesogea mbele, safu kwa safu, mpaka akafika ubaoni. Alizitazama zile namba kwa macho yake mekundu, ambayo siku hizi ni ya uzee tu.

"Kija. Hao kumi waliojikwaa. Nani aliwasukuma?"

"Hakuna, mama. Wamejikwaa wenyewe."

"Wangeweza kujikwaa kwako?"

"Wangeweza. Wamejikwaa kwa Elias."

"Nani alichagua?"

"Hakuna aliyechagua. Si baba, si mtu wa jirani. Si wewe."

Juu ya vichwa feni ilikuwa ikidai grisi. Bernadeta akamnyooshea mkono mwanawe, kisha akaupeleka kwa mwenyekiti.

"Sema tena kwa sauti. Na huyu Mgalu aandike."

Kija akasema tena. Profesa Chenge, mwenye machapisho kwenye majarida ambayo hata wahariri wake hawayasomi, aliinama mezani na kuandika kwenye kumbukumbu rasmi za jopo, kwa Kiswahili, kwa mwandiko wa kueleweka: Hakuna aliyechagua. Akapiga mstari chini.

"Imeandikwa, mama."

Hapo ndipo Bernadeta alipopiga vigelegele. Vilitoka dirishani, vikashuka ghorofa mbili, na watu wa chini wakadhani kuna harusi ya wahadhiri. Katibu akajaribu kukumbusha kwamba kanuni haziruhusu kelele kabla ya matokeo. Chenge akamwambia atoe matokeo basi, anangoja nini.

Alifaulu, kwa masahihisho. Masahihisho yalikuwa matano. Manne yalihusu nafasi za aya, maana chuo nacho sharti kipate chakula. La tano lilikuwa na saini ya mwenyekiti mwenyewe: katika jedwali, mwaka tisini na mbili uingizwe, na chini yake ielezwe bayana kwamba Bagalu walikuwa wanaongoza.

Kija alitaka waende kula samaki. Mama yake akakataa. Walipofika Kisesa, jua likiwa bado juu, akapita nyumba yao kama haijui na kwenda moja kwa moja kwa Dorotea.

Shangazi Dorotea amevuka themanini, anasikia vizuri anapotaka. Alikuwa kibarazani. Wakaamkiana. Bernadeta alibaki amesimama, kama kawaida, akamwambia Kija achuchumae na kumwonyesha shangazi yake. Kija, mwenye shahada ya uzamili yenye umri wa saa tatu, akachuchumaa kwenye vumbi na konzi ya mbegu za pamba. Akapanga uwanja. Akatenga mbegu chache za kirusi. Akaeleza mia mbili, akaeleza thelathini. Akachukua ukanda wa kitenge, akauviringisha, akaulaza kando ya mbegu.

"Hii ni nini?" Dorotea akauliza.

"Chatu, shangazi. Chatu wa baba. Kwa Elias, chatu alikuwa malaria."

Akamalizia zile kumi zinazojikwaa. Dorotea akainua mbegu moja, akaigeuza, akairudisha mahali pake pale pale.

"Kwa hiyo," akasema, "ule mwaka wa tisini na mbili, kaka yangu alidanganya."

"Alidanganya, wifi," Bernadeta akasema.

"Nilijua. Nyoka aliyeshiba vile si mchezo, ni wizi." Akavuta pumzi kama mtu anayenyanyua debe la maji. "Na mimi miaka yote hii nimesema maneno."

"Umesema."

Dorotea akageukia mlangoni, akapaza sauti ambayo nyumba nzima ilikuwa haijaisikia siku nyingi. "Nyie humo ndani! Wifi yangu amesimama hapa jua lote hili, hakuna mwenye macho? Leteni kiti! Si hicho kigoda. Kile chenye mgongo!"

Kiti kikaja. Bernadeta akakizunguka kwanza, akakikagua miguu yote minne, akafuta vumbi kwa upande wa khanga. Kisha akakaa. Akanyoosha miguu mbele, akaegemea, akafumba macho.

Baadaye kidogo akaomba chai. Ilipoletwa akaonja, akamrudishia wifi yake kikombe, akasema sukari haitoshi.